Jivu la Bi Mize

"Mfukua jivu la mwenzie hupasua kioo chake." Jana mlimsikia shangazi yenu akimrushia jirani yetu Salha maneno hayo, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza jivu na kioo vilikutana wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kisiwa kiitwacho Ungule, ambako watu waliyeyusha mchanga wakapuliza vioo: bilauri, chupa za manukato, na hasa mirashi, ile ya shingo ndefu nyembamba ya kunyunyizia marashi kwenye harusi na maulidi. Kioo kikitoka motoni hakiachwi kwenye upepo, maana kikipoa ghafla hupasuka. Huzikwa ndani ya tanuri lenye jivu la moto, mlango ukazibwa kwa udongo, kikapoa polepole kwa siku tatu. Tanuri lilikuwa moja kwa mtaa mzima, na mwiko ulikuwa mmoja: likishazibwa, haliguswi na mtu.

Hapo Ungule aliishi Bi Mize, fundi ambaye kwa miaka ishirini hakuwa na mpinzani. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi wifi yake, Zuhena, mke wa kaka yake. Alimfundisha kwa moyo mweupe, kwa kuwa hakudhani kwamba angefika popote.

Mwaka mmoja akaja msafiri, Mwinyi Hatibu, akitafuta mrashi wa maulidi ya mji wao. Alisema atachukua mmoja tu, na jina la aliyeupuliza litatajwa kila mwaka kabla ya watu kunyunyiziwa. Bi Mize akatabasamu, maana jina alishalijua. Mgeni akapita akitazama kazi za mafundi, akafika kwa Zuhena, akainua bilauri juani.

"Mkono huu kaufundisha nani?"

"Wifi yangu," akajibu Zuhena.

Mgeni akacheka. "Basi mwanafunzi kamzidi mwalimu."

Huenda alitania. Wageni hutania wakaenda zao, sisi tukabaki na moto. Neno lile lilimkaa Bi Mize kooni kama mwiba wa samaki. Akipika analisikia, akiswali analisikia.

Kila mmoja wa mawifi hao wawili akapuliza mrashi wake, ikazikwa pamoja: wa Zuhena nyuma kabisa, wa Bi Mize karibu na mlango, kwa sababu alitaka uwe wa kwanza kuonekana. Zuhena ndiye aliyeziba.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Watu wakiwa msikitini, wivu ukamsimamisha Bi Mize mbele ya tanuri. Hakutaka kuvunja kitu, nisimsingizie. Alitaka kuuona tu mrashi wa Zuhena. Shingo yake imenyooka? Tumbo lake limeviringana? Akachokoa udongo mpaka mkono ukapita. Ili aufikie wa nyuma ilimbidi aondoe jivu lililoufunika wa mbele, naye akaliondoa bila hata kufikiri. Akaiona shingo ya mrashi wa Zuhena. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoogopa. Upepo ukampita begani, ukaingia ndani, akasikia "ti!" Moyo ukamwambia ni ule wa Zuhena, na, Mungu amsamehe, alifurahi. Akarudisha jivu na udongo, akaenda zake.

Siku ya kufungua, mtaa mzima ulikusanyika na mgeni akiwamo. Mrashi wa mbele ulitoka vipande. Wa nyuma ulitoka mzima, ukapokewa na mgeni kwa mikono miwili.

"Nani aliziba?" wakaulizana.

"Zuhena!"

"Ameacha tundu makusudi, ili kioo cha wifi yake kife!"

"Wallahi niliziba kwa mikono yangu hii," Zuhena akalia.

Mwinyi Hatibu akauweka mrashi chini. "Mtume hasifiwi kwa kitu cha hila," akasema. "Nitatafuta kisiwa kingine."

Bi Mize akanyamaza. Alikuwa na haja ya kunyamaza tu, na jina la Zuhena lisingetajwa popote. Akauonja ukimya ule, ukawa mtamu. Lakini Zuhena alipiga magoti, akaanza kuokota vile vipande kimoja kimoja, damu ikimtoka kidoleni.

"Nisamehe, wifi," akasema. "Labda kweli niliziba vibaya. Kazi yako nzuri namna hii!"

"Uliziba vizuri," Bi Mize akasema. "Nilifungua mimi. Nilikuonea wivu, nikataka kuona kioo chako. Na niliposikia mlio, niliomba uwe ni wako."

"Na ulikuwa wa nani?" mgeni akauliza, huku akiuinua tena mrashi wa Zuhena.

Bi Mize akavitazama vipande mikononi mwa wifi yake. Wivu ulikuwa haujamtoka, msidanganyike. Ulikuwa bado unamuuma palepale alipokuwa amesimama.

"Mfukua jivu la mwenzie," akasema, "hupasua kioo chake."