Ghala la Kiboko na Matundu ya Kuwekea

Paukwa!
– Pakawa!
Pakawa na ghala.
– Likajaa!
Likajaa mbegu za nani?
– Zetu!
Na mlangoni amekaa nani?
– Si sisi!

Haya, sogeeni. Mwenye mtoto mgongoni ambembeleze kwanza, ngano hii ina kelele.

Hapo kale, kwenye bonde lenye udongo mweusi, palikuwa na ghala moja tu, nalo lilikuwa la Kiboko. Lilikuwa kubwa, la fito na udongo, na lilikuwa na mlango mmoja. Kiboko aliwaambia wanyama wote, "Mkiweka mbegu nyumbani, fukusi watazila. Leteni kwangu." Wakaleta. Panya akaleta ufuta. Kwale akaleta kunde. Sange akaleta mtama, vibaba vitatu. Sange ni kamnyama kasikozidi ngumi yako, pua yake ndefu kama mrija, na mwaka ule alikuwa na watoto wanne.

Kuweka kulikuwa rahisi. Kutoa ndiko kulikuwa na kazi. Desturi ya Kiboko ilikuwa hivi: anayetaka mbegu apite mlangoni, apige goti, aonyeshe rehani. Na rehani ni pembe.

Akaja Nyati.

"Rehani?" akauliza Kiboko.

"Hizi hapa kichwani."

"Pita, mkubwa mwenzangu! Beba magunia kumi."

Akaja Tembo.

"Rehani?"

"Hizi hapa mdomoni."

"Pita, mkubwa mwenzangu! Beba magunia ishirini."

Tembo alilima shamba moja kubwa, akasahau mipaka yake, akalikanyaga mwenyewe. Nyati hakulima kabisa. Alizitafuna mbegu kivulini, kwatu, kwatu, kwatu, na kila alipoulizwa alisema bado anapanga.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, akaja Sange.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Rehani?"

"Mzee, mimi sikopi. Nataka mtama wangu ule ule. Mvua ya kwanza ikinipita, wanangu hawana chakula mpaka mwakani."

"Kilichoingia humu ni cha ghala. Rehani?"

"Sina pembe, mzee. Nina pua."

"Pua!" Kiboko akacheka, bwa-ha-ha-ha, mpaka fito zikatikisika. "Pua haiwekwi rehani, mama. Nenda ukaiambie iote pembe."

Panya naye akafukuzwa. Kwale naye akafukuzwa. Sange akarudi kwake akiwaza njia nzima. Hakulia, kwa sababu kulia kungemchelewesha.

Asubuhi yake akarudi.

"Ehe, zimeota?" akauliza Kiboko.

"Hazijaota, mzee. Leo nimekuja kwa habari ya kuweka. Sisi wadogo bado tuna punje zetu za mwisho nyumbani. Tungezileta, lakini hapa mlangoni Tembo anatukanyaga. Ungeturuhusu tutoboe vitundu nyuma ya ghala, kila mmoja chake, tusingekusumbua."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Punje za mwisho? Zote?"

"Zote, mzee, ukitaka."

"Matundu ya kuwekea tu?"

"Mzee wangu, tangu ghala hili lijengwe, kuna aliyewahi kutoa kitu bila kukupigia goti mlangoni?"

"Hakuna!"

"Basi wewe linda mlango."

"Toboeni!" akasema Kiboko. "Toboeni mengi!"

Kiboko akajikalisha mlangoni, akauziba wote kwa tumbo lake, ili asitoke mtu. Huko nyuma kazi ikaanza. Kri-kri-kri, Panya akatoboa. Ko-ko-ko, Kwale akatoboa. Chu-chu-chu, Sange akatoboa. Kisha ikasikika chwaaa! Chwaaa! Maana tundu halina adabu, jamani. Ukiliambia ni la kuwekea, halisikii. Panapopita punje kuingia, punje hiyo hiyo hupita kutoka.

Kiboko alisikia chwaaa, akatabasamu. "Bi Sange! Ni mbegu hizo?"

"Ni mbegu, mzee!"

"Msichoke!"

"Hatuchoki, mzee!"

Panya akachukua ufuta wake. Kwale akachukua kunde zake. Sange akachukua vibaba vyake vitatu, na alipoona punje moja ya mwenzake imemganda puani, akairudisha.

Mvua ikanyesha. Ti, ti, ti, kisha shaaa! Bonde lililozoea shamba moja lililokanyagwa likajaa vishamba mia. Huku ufuta, huku kunde, huku mtama. Kwale akabadilishana kunde na Panya. Sungusungu wakapata kazi ya kubeba. Baada ya mavuno kila mtaa ukajenga kighala chake, na jirani akamkopesha jirani bila kuuliza pembe. Kwani jirani anajua nani huamka mapema na nani huzitafuna mbegu kivulini. Watoto wa Sange wakanenepa mpaka mmoja akakwama kwenye tundu.

Na Kiboko? Siku alipoingia ghalani kula, alikuta mbao za sakafu tu. Mbegu za wadogo zilikuwa shambani, na zilizobaki walikuwa nazo wakubwa wenzake. Akaenda kwa Nyati. "Nirudishie mbegu zangu, ama sivyo nachukua rehani."

Nyati akainamisha kichwa, pembe mbele. "Njoo uzichukue."

Kiboko akaziangalia pembe zile, akakumbuka ana kazi mtoni.

Mwisho njaa ikamsukuma hadi kwa Sange.

"Hodi."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nakopa kibaba kimoja tu."

"Hapana shaka, mzee. Rehani?"

Kiboko akapanua kinywa. "Nina meno. Makubwa."

"Meno hayawekwi rehani. Hapa tunaweka pua ndefu."

Watoto wanne wakaangua kicheko, nao mama yao akawatuliza, akampimia mzee kibaba kilichojaa hadi juu. "Chukua, mzee wangu, usilale njaa. Pua utaileta ikirefuka."

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hukaa majini akitokeza pua peke yake. Anaivuta, kisha anaiinua kuangalia kama imefika.

Fundisho la ngano hii ni hili, mlishike vizuri. Wekeni mbegu zenu zote kwa mkubwa mmoja mwenye mlango mmoja. Mkopesheni mwenye pembe tu. Na mkiona tundu dogo ukutani, lizibeni upesi, maana hapo watu wanaweza kushiba.

Ngano yangu nimeiweka kwenu.
– Tumeipokea!
Atakayeitaka kesho je?
– Aitoe bila pembe!