Kitwitwi na Jicho la Kenge

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana droni zilikuwa zimeshaanza kuruka, lilizuka jambo kisiwani kwa ndege ambalo mpaka leo limenishinda kulifumbua: ni nani huyo anayehesabu mayai ya wenzake, asile hata moja? Sikilizeni, huenda ninyi mkajua.

Droni yenyewe ilikuja asubuhi, vuuu, ikapita chini kabisa juu ya viota. Ndege wote wakaruka kwa hofu. Waliporudi, mayai mengi hayapo, na Kenge amejinyoosha juani akijilamba mdomo.

"Mmeliona jicho langu?" Kenge akasema. "Nimelituma mimi. Tangu leo kila nyumba itaniletea yai moja. Atakayeficha, jicho litaniambia."

Ndege wakainamisha vichwa. Hata Membe, mwenye mdomo kama shoka, akapeleka lake.

Kitwitwi alikuwa mdogo kuliko wote, miguu kama njiti za kiberiti. Alikuwa na mayai mawili tu mchangani, na zamu yake ilikuwa kesho. Hakulia. Alikaa mlangoni kwake akitazama juu.

Droni ikarudi. Safari hii ilipita juu sana, ikienda na kurudi kwa mistari, kama mtu anayepalilia shamba. Hakuna ndege aliyeruka, wala yai lililopotea.

"Shoga," Kitwitwi akamwambia jirani yake Buabua, "kile kidude kwanza kimetuona tumeogopa, sasa kimepanda juu. Mtumishi wa Kenge si angeshuka atutimue?"

"Usiniponze, shoga. Mimi nina yai moja."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

Kesho yake Kitwitwi akaenda kwa Kenge mabawa matupu, mbele ya ndege wote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Yai langu liko wapi?"

"Babu, nimefanya kosa. Jana nilifukia mayai kumi nyuma ya jabali. Lakini jicho lako si limeshakwambia?"

Kenge akameza mate. "Limeniambia. Kumi kamili. Nilikuwa nakupima tu, mjukuu wangu."

"Limeyaona vizuri?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Basi twende ukale."

Wakaongozana wote. Nyuma ya jabali palikuwa na vichuguu kumi vya mchanga. Kenge hakungoja kutazama. Alifukua cha kwanza akabana kwa meno kilichokuwamo. Kacha! Jino likakatika. Yalikuwa mawe, yote kumi.

Kisha Buabua, yule mwoga, akaanza kucheka, kwi kwi kwi, na kicheko kikazunguka jabali zima.

"Babu," Kitwitwi akasema, "jicho lako halijui jiwe na yai?"

"Nilikuwa na njaa," Kenge akanong'ona. Huenda ilikuwa kweli.

"Sote tuna njaa. Lakini kwetu hupati tena."

Tangu hapo ndege husema: anayekutisha kwa jicho lisilo lake, muulize kwanza limeona nini.

Na iliamuliwa pale pale jabalini: hakuna yai litakalotolewa, na Kenge akikanyaga penye viota, wote wamshukie kwa pamoja. Siku ya tatu akakanyaga. Droni ilikuwa juu, ikihesabu. Wa kwanza kumshukia kichwani, paa, alikuwa Buabua, mwenye yai moja.