Tenga la Nyuma ya Jiko

Asiyetupa ganda hatupi mtu. Mmemsikia shangazi yenu akiisema asubuhi, mkacheka, mkadhani anawagombeza tu kwa maganda ya ndizi mliyoyarusha uani. Basi kaeni niwaambie ilikotoka, maana wanaoisema ni wengi na wanaoijua ni wachache.

Ilizaliwa huku huku milimani Usambara, nyumbani kwa Bi Mwanahawa. Zamani zile mke mwema alijulikana kwa ua wake. Kila alfajiri alifagia, akakusanya taka, akazichoma. Moshi ukipanda kabla ya jua, majirani walisema mle ndani mna mwanamke. Ndivyo tulivyokuwa: leo tunachoma majani, kesho tunalia kwamba udongo umechoka.

Bi Mwanahawa alikuwa na macho ya kuona. Maharage yake yalikuwa ya njano kwenye mteremko uliooshwa na mvua, lakini boga lililoota lenyewe pale alipozoea kumwaga maganda lilikuwa limenenepa na kutambaa hadi njiani. Akachukua tenga kuukuu la kubebea nyanya, akalitoa kitako, akalisimamisha nyuma ya jiko. Humo akawa anatia maganda ya ndizi na ya magimbi, na kila kilichobaki jikoni.

Mwanzo alikosea. Alijaza maganda mabichi matupu, akayashindilia, yakaoza kwa uvundo na mainzi. Siku hizo hizo washenga wakaja kumposa binti yake, Mwajabu. Walikaa kidogo, wakaziba pua, wakaondoka, hawakurudi tena. Kijiji kizima kikajua sababu, na wenye midomo hawakuipumzisha.

Mwingine angelichoma tenga siku ile ile. Yeye alikaa akafikiri, na mimi humheshimu kwa hilo mpaka leo. Akaanza kutandika majani makavu juu ya kila tabaka la maganda, akaongeza samadi kidogo, na kila wiki akaligeuza lote kwa jembe lipate hewa. Kisha akalifunika kwa majani ya mgomba. Uvundo ukaisha, na ndani mkawa na joto kama la chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Miezi miwili baadaye ikaja posa ya pili, kutoka kwa kijana ambaye Mwajabu alimpenda hasa. Mzee Singano, baba wa binti, akasema tenga lichomwe kabla wageni hawajafika. Bi Mwanahawa akakataa, akasema mbolea haijaiva na msimu wa kupanda umekaribia. Walivutana siku mbili. Mwishowe Mwajabu mwenyewe akamwendea mama yake.

"Mama, na hii ikivunjika, hakuna atakayekuja tena."

"Najua, mwanangu. Lakini nikilichoma nitakuwa nimewaonyesha nyumba isiyo yetu. Waione hii tunayoishi, kisha waamue."

Mwajabu alilia, lakini hakubisha.

Wakaja washenga watatu, na pamoja nao Bi Sikudhani, bibi aliyemlea yule kijana tangu alipofiwa na mama yake. Desturi ilimruhusu bibi kama huyo kuzunguka ua ajue binti amelelewa vipi. Akajikongoja na fimbo yake hadi nyuma ya jiko, wengine wakimfuata. Alipolifikia tenga, Mzee Singano aliinamisha uso.

Bi Sikudhani akafunua majani ya mgomba, akatia mkono hadi kiwikoni, akatoa konzi ya udongo mweusi. Akaunusa, akausugua kwa vidole.

"Hiki kilikuwa nini?"

"Maganda, mama," Bi Mwanahawa akajibu. "Maganda na majani makavu. Wenzangu huchoma. Mimi nimeshindwa kuyatupa."

Bibi akawageukia washenga.

"Nilikuja na hofu ambayo sikumwambia mtu," akasema. "Mjukuu wangu akioa, mkewe ndiye nitakayebaki naye nikiwa sioni wala siwezi kutembea. Utamu wangu umekwisha kuliwa, nimebaki ganda. Nimezunguka nyua nyingi zinazong'aa, nikijiuliza watu wale wataniweka wapi. Hapa moyo wangu umetulia. Mwambieni baba wa binti tumekubali."

Mwajabu akaolewa. Bi Sikudhani aliishi naye miaka tisa, minne ya mwisho akiwa kipofu na hainuki kitandani, na hakuna siku aliyolala bila kuogeshwa wala kulishwa kwa mkono. Siku ya maziko yake, watu walimwona Mwajabu akilia kama aliyefiwa na mama mzazi, wakastaajabu. Wakamuuliza mshenga mkubwa marehemu alijuaje, katika mabinti wote wa milimani, kumchagua huyu. Mshenga alikuwepo siku ile nyuma ya jiko, akawajibu kwa maneno manne tu: asiyetupa ganda hatupi mtu.