Moto wa Msiba wa Mabaka

Kabla sijafungua Neno nina swali, na naomba msikimbilie kujibu kama watoto wa darasa la kwanza. Unapita kwa mtu asubuhi. Jua limeshapanda, watu wako mashambani. Unaona uani kwake moto unawaka, na si moto wa kupikia, ni magogo yale makubwa tunayoyajua sote. Pembeni mkeka umetandikwa. Mwenye nyumba amekaa juu ya mkeka, hajanyoa, hana viatu, ameinamisha kichwa. Niambieni, hapo kuna nini?

Naam, msiba. Na nyinyi watu wa huku milimani nawafahamu, hamsubiri kuuliza jina la marehemu. Miguu inakuwa imeshaondoka.

Basi kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa hivyo uani kwake. Mama mmoja alikuwa anapita na jembe begani, akauona ule moto, akasimama. Akashangaa sana. Kwa nini ashangae? Kwa sababu mzee yule alikuwa anaishi peke yake! Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, watoto wameolewa na kuoa mbali huko. Sasa katika nyumba ya mtu mmoja, na huyo mmoja umemwona kwa macho yako amekaa anapumua, amekufa nani?

Hilo swali likamtesa yule mama. Shamba halikulimwa siku hiyo. Akarudi kwa jirani yake, wakalijadili. Mmoja akasema, "Ni yule mwanawe wa mjini, si alikuwa anaumwa?" Mwingine akasema, "Acha uzushi wewe, juzi nimeongea naye kwenye simu, anacheka." Wa tatu akaja na shemeji, wa nne akaja na mambo ya kishirikina, maana hawakosekani. Husemwa penye wengi hapaharibiki neno, lakini siku hiyo liliharibika vibaya. Kufikia saa nne kijiji kizima kilikuwa na marehemu wanne, na wote wako hai.

Kijiji kile, kama hiki chetu, kilikuwa na chama cha kuzikana. Mnakijua chama cha kuzikana. Ukifiwa, hata hujafuta machozi, turubai limeshafika, mabenchi yamefika, masufuria, kuni, wapishi wamefunga khanga kiunoni. Ni jambo jema mno, na Mungu awabariki walioanzisha. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja hodari, mama wa kanuni. Sauti yake ikisikika, hata wanaume waliokuwa wamekaa wanajikuta wamebeba benchi. Mama huyu aliposikia kuna moto wa msiba, hakuuliza ni wa nani. Alisema neno moja tu: "Turubai."

Wakaenda. Wanaume mbele na miti ya turubai, vijana na mabenchi, akina mama nyuma na masufuria kichwani. Walipolikaribia lile boma, wale akina mama wenye kipaji chao, nanyi mnawajua, wakaanza kilio tangu barabarani. Uwiii! Uwiii, jamani! Ametuacha! Hawajui ni nani, lakini ametuacha.

Mzee akainua kichwa. Mwenyekiti akamshika mkono kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akasema, "Pole sana, mzee wetu. Pole. Ni nani aliyetutoka?"

"Mabaka," akasema mzee.

Watu wakatazamana. Mabaka? Mabaka wa ukoo gani? Mwenyekiti akauliza tena taratibu, "Mabaka nani, mzee wangu?"

"Mabaka wetu. Mbwa."

Mnacheka. Chekeni tu, hata wao walicheka. Kijana mmoja alicheka mpaka akaliachia benchi likamwangukia mwenzake mguuni. Mama mmoja akapiga kelele, "Mbwa! Mimi nimeacha maharage jikoni yanaungua, nimekuja kumlilia mbwa?" Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Na wengine hawakucheka, walikasirika kwelikweli. Wakasema mzee ametudhihaki. Moto wa msiba ni wa binadamu. Ukiwashia mbwa leo, kesho utawashia kuku. Na kuna babu mmoja akaongeza jambo zito zaidi. Akasema, "Huyu alipofiwa na mkewe hatukuona chozi. Hata moja! Leo analia kwa ajili ya mbwa."

Ilikuwa kweli. Mzee alikuwa analia, na kwa mkewe hakulia. Hilo liliwauma watu kuliko jambo lolote, maana mkewe alipendwa pale kijijini. Wakakunja kila kitu wakaondoka na turubai lao.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, ngojeni kwanza. Msikimbilie kumhukumu mzee, wala msikimbilie kumtetea. Hebu tujiulize tu, kwa sababu mimi nilipoifikiria hadithi hii nilikaa nayo jikoni kwangu mpaka mke wangu akaniuliza kama ninaumwa. Mwanaume wa miaka ile, aliyezika wazazi na mke kwa jicho kavu, anakaaje chini analilia mbwa koko mwenye mabaka, tena mwizi wa mayai? Kulikuwa na nini kati yao?

Kijiji kizima kililala na swali hilo, ila hakuna aliyekwenda kumwuliza mwenyewe. Ndivyo tulivyo. Habari za mtu tunaziulizia kila mahali isipokuwa kwake.

Kesho yake moto ulikuwa bado unawaka. Mwenyekiti akachukua wajumbe wawili wa kamati, wakaenda. Safari hii hawakubeba turubai. Mzee alikuwa palepale mkekani, amekaa upande mmoja, na upande wa pili ameuacha wazi. Mwenyekiti hakukaa. Alisimama mbele yake akaanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, sisi tunakuheshimu. Lakini umetudhalilisha. Watu wa kijiji cha pili wanatuuliza kama sisi siku hizi tunaanua matanga ya mbwa. Kamati imekaa. Moto huu uzime leo. Usipouzima, tunakutoa chamani. Na unajua maana yake, mzee wangu. Siku yako ikifika, hakuna turubai, hakuna benchi, hakuna mtu wa kukuchimbia kaburi."

Wapendwa, mnalielewa neno hilo uzito wake? Mzee wa umri ule, peke yake, watoto mbali. Kumtoa chamani ni kumwambia utazikwa kama hukuwahi kuishi na watu. Na alichotakiwa kufanya ni kumwaga ndoo moja ya maji. Ningekuwa mimi, nawaambia kweli, ningemwaga.

Mzee akasema, "Nimekusikia, mwenyekiti. Naomba nikuulize kitu, halafu utaamua wewe. Mama yenu, mke wangu, alipofariki, mlikuja?"

"Tulikuja wote! Wewe mwenyewe ulishuhudia. Hata nafasi ya kukaa haikuwepo."

"Mlikuja kweli, na Mungu awalipe. Siku ya kuanua tanga mkashusha turubai, mkabeba mabenchi na masufuria. Mkaenda wapi?"

"Nyumbani, mzee. Tungeenda wapi?"

"Na mimi nilikwenda wapi?"

Wale wajumbe wawili wakaanza kutazama magogo.

Mzee akaendelea, na hakuwa na hasira. "Mlipokuwa mnakunja mikeka, Mabaka alikuwa amelala juu ya mmoja. Wewe mwenyewe ulimfukuza, 'Toka wewe!' Mkauvuta mkeka chini yake. Basi nyinyi mlipomaliza kuteremka kilima, yeye akarudi akalala palepale, kwenye udongo mtupu. Nikasema ataondoka. Hakuondoka. Asubuhi nikitoka na kikombe changu cha chai nyumba imejaa ukimya, namkuta yuko pale. Sina pa kukaa ndani, kila kiti ni cha mama yenu. Nikawa nakaa naye. Hakuniambia jikaze. Hakuniambia kazi ya Mungu haina makosa. Hakuniuliza nimepanga kuoa lini. Nilikuwa napika ugali unaungua, namchotea ukoko, anakula bila kulalamika. Mwaka mzima, mwenyekiti. Nyinyi mlipoanua tanga, mbwa yule hakuanua."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Mnasema sikumlilia mke wangu. Ningelia saa ngapi? Uani kumejaa watu, kila mmoja ananiambia wewe ni mwanaume. Nilimlilia hapa, mlipokwisha kuondoka, na aliyeniona ni Mabaka. Sasa mgeni wa mwisho wa msiba wa mama yenu ameondoka. Ndiyo nimewasha moto."

Kisha akainua kidole. "Na usije ukanielewa vibaya. Usiende huko ukasema mzee hamlilii mbwa, anamlilia mkewe. Na mbwa mwenyewe namlilia! Nilimpenda. Alikuwa mwizi wa mayai, lakini alikuwa mbwa mzuri."

Hapo mimi mhubiri wenu naona aibu kidogo, maana nimesimama hapa ninamfanya mbwa wa watu kuwa mahubiri. Mzee atanisamehe.

Mwenyekiti alikuwa bado amesimama. Mama wa kanuni, mama ambaye hajawahi kukosa neno. Akauliza kitu ambacho wajumbe hawakukitegemea. Akauliza, "Alikuwa analala wapi hasa?"

Mzee akaonyesha ule upande wa mkeka aliouacha wazi.

Mwenyekiti akavua ndala zake. Akazunguka, akakaa pale. Akanyoosha miguu kama wanavyokaa akina mama msibani, akavuta khanga mpaka kichwani. Gogo likaungua likakatika. Halafu mwenyekiti akasema kwa sauti ambayo wajumbe wale hawajawahi kuisikia kwake.

"Wangu alikuwa binti. Wa kwanza. Mlikuja wote. Watu walisifu pilau. Wakati wa kuondoka mkaniambia nimejikaza sana, mkanipa na uenyekiti." Akaupapasa mkeka. "Sikuwa hata na mbwa, mzee."

Na pale ndipo mama yule alipolia. Alilia kilio ambacho hakina mpangilio, si kile cha barabarani. Mzee hakumwambia jikaze. Alisogeza kikombe chake cha chai upande wa mama yule, basi.

Wajumbe wawili wakabaki wamesimama kama miti ya turubai isiyo na turubai. Walitumwa kusimamia moto uzimwe, na kijiji kinasubiri jibu. Mwisho mmoja akajikohoza, akauliza kwa adabu, "Mwenyekiti, sasa tukawaambie nini watu? Kuhusu huu moto?"

Mwenyekiti akafuta pua kwa ncha ya khanga. Akasema, "Ongezeni kuni."

Basi, wapendwa, mfano wangu umeishia hapo, sasa nakuja kwetu sisi. Msiangalie chini, nakuja kwenu hasa.

Sisi ni hodari wa kufika. Hakuna wa kutushinda. Mtu akifa saa hii, kabla jua halijazama turubai limesimama. Sisemi tuache. Ole wake atakayeacha! Ninachouliza ni kwamba nani alitufundisha kuwa turubai likishuka na huzuni imeshuka? Tumeliandika wapi? Tunakunja turubai, tunahesabu vijiko visipotee, na yule mtu tunamwacha na nyumba iliyojaa viti vya marehemu. Wiki inayofuata tukikutana naye njiani tunamwambia, "Naona umejikaza." Naye afanyeje? Anajikaza.

Na tunachagua cha kulilia kwa niaba ya wengine. Huyu amefiwa na mbwa, tunacheka. Yule mimba imeharibika, tunasema haikuwa mtu bado. Huyu mume aliyemfia alikuwa mlevi, tunasema amepumzika. Wewe umejuaje? Uliingia ndani ya moyo wake ukapima? Ukiona mtu anakililia kitu usichokielewa, kabla hujacheka, kaa chini umwulize. Uliza kwa kutaka kujua kweli. Pengine unachokiona ni mlango tu, na nyumba iko nyuma yake.

Kila mmoja wenu hapa, na mimi nikiwemo, anaijua nyumba moja. Hapo ulipo sasa hivi umeshaikumbuka. Tanga lilianuliwa mwaka jana, au mwaka juzi, nawe hujarudi tena. Ulisema huna cha kumwambia. Ndugu yangu, dada yangu, mbwa yule alikuwa na cha kusema? Ukitoka hapa leo usipite njia uliyozoea. Pitia pale. Usibebe maneno. Piga hodi, uulize pa kukaa.

Nilitaka kusema sasa tusimame tuombe. Hapana, msisimame. Hebu sogeeni. Kuna watu humu wamekaa peke yao kwenye benchi tangu tumeanza ibada. Nendeni mkakae nao kwanza, halafu ndipo tutaomba.