Ninga na Mwenye Shairi

Wewe uliyekalia kigoda, utaolewa na shairi au na aliyelitunga? Usijibu haraka. Ngano yaja!

Na ije, tumekaa!

Hapo kale, ndege walipokuwa wakiposana kwa mashairi, Kasuku alimwimbia Ninga hili:

*Katu katu sitachoka, kutwa kucha kukuita,*
*Kwako moyo umefika, hautoki, umekita.*

Ninga akasema, "Mwenye shairi hili ndiye mume wangu." Siku ya harusi ikafika. Lakini kila Kasuku alipofungua mdomo kwa maneno yake mwenyewe, Ninga alichoka. Ataishije naye?

"Imba tena," akasema.

Kasuku akaimba. Ninga akahesabu mizani kwa ukucha: nane, nane; nane, nane. "Kwa nini ulilipima hivi?"

"Ah, mpenzi! Huo ni ulinganifu wa kimuundo wa hisia za ndani!"

Wageni wakapiga makofi. Hawakuelewa kitu.

"Imba tena."

Akaimba. Ninga akasikiliza vina: ka, ta, ka, ta. "Na vina hivi?"

"Ni mwangwi wa dhana!"

Makofi tena.

"Mwanangu, ubwabwa unapoa," shangazi yake Kanga akanong'ona. "Unaolewa au unasahihisha mtihani?"

"Kidogo tu, shangazi. Imba tena."

Akaimba, safari hii kwa sauti nyembamba. Ninga akafumba macho, akaacha maana, akasikiliza sauti tupu. Ka-ta, ka-ta. Maneno yaligonga, yakarudi, yakagonga. Na ule moyo haukukaa wala haukulala. Ulikita, kama kitu kilichopigwa kikazama mtini.

"Kasuku, wewe hupiga mluzi. Shairi hili linagonga. Aliyelitunga hupiga mdomo kwenye gogo kutwa, na mapigo yake yameingia humu. Ni la nani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma ya wageni, Kigong'ota aliinamisha kichwa chake chekundu.

Kasuku akatazama chini.

"Kigong'ota alinituma," akasema. "Aliniambia sauti yake inakwaruza, nikuimbie kwa niaba yake. Nilipomaliza, ukatabasamu. Mimi huchekwa kila siku, Ninga. Hakuna aliyewahi kunitabasamia. Ukauliza ni la nani. Nikasema langu."

Wewe uliyekalia kigoda, sasa jibu: Ninga aolewe na nani? Ngano imefika kwake, nami niacheni nifike kwangu. Ukipenda, sema kwa mdomo wako, hata kama unakwaruza.