Udongo Alioanika Nkwimba

Wema usiouliza hukausha udongo. Mmeusikia msemo huu leo kwa shangazi yenu, mkataka kujua ulikotoka. Basi, wajukuu wangu, ulianzia nyumbani kwa Nkwimba.

Mumewe, Lugembe, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alikwishachimba mashimo kumi na moja kilimani, yote yakatoa mawe matupu. Kifua kimechoka, magoti yamechoka. Alimwambia mkewe kwamba mwili wake umebakiza shimo moja tu, na hajui alichimbe wapi.

Ndipo akaja Bi Orupa, mtaalamu wa udongo. Akampa vifuko arobaini.

“Baba, chota kidogo kila nilipoweka kigingi. Funga, weka kivulini. Nitavifuata kesho kutwa.”

Lugembe alishinda kilimani. Alirudi hoi, akavitua vifuko barazani, akalala bila kula. Nkwimba alivigusa, akaona ni vibichi. Akamhurumia mumewe: udongo utaota ukungu, jasho lake lipotee. Asubuhi akauanika juani, kisha akaurudisha kila mmoja kwenye mfuko wake, bila kuchanganya hata punje.

Orupa alifungua mfuko mmoja, akausugua udongo kati ya vidole.

“Nani ameukausha, mama?”

“Mimi, mwanangu. Mtama mbichi huoza, seuze udongo?”

“Humu mlikuwa na vijidudu hai, wadogo wasioonekana kwa macho. Penye dhahabu chini, wako wanaostawi na wako wanaotoweka. Hao ndio hunionyesha pa kuchimba. Sasa jua limewaua wengi. Waliobaki hawataniambia kweli.”

Lugembe alimgeukia mkewe. “Mbona hukuniuliza?”

“Ulikuwa umelala. Sikutaka kukuamsha.”

Akacheka kichovu. “Mama, kuamshwa mara moja ni nafuu kuliko kupanda kilima mara mbili.”

Wakapanda wote wawili kuchota udongo upya. Kwenye kila kigingi, Nkwimba alishika mfuko na kuuliza, “Hapa nifanyeje?”

Majibu yalikuja baada ya mwezi: kilima kizima hakikuonyesha dalili ya dhahabu. Lugembe aliisoma karatasi mara mbili, akaegemeza sururu ukutani. Shimo la kumi na mbili halikuchimbwa. Akapanda viazi, na kifua kikapata kupumua.

Udongo mkavu usingemwambia hayo. Angechimba kwa kubahatisha hadi mwili uishe, na mkewe aliyempenda ndiye angekuwa amemfikisha huko. Kwa hiyo mtu akikimbilia kusaidia kabla ya kusikiliza, hatumgombezi. Tunamwambia taratibu: wema usiouliza hukausha udongo.