Nyati Pacha na Furaha Zilizopishana

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na watu wenye masikio!

Basi yategeni, maana mimi sirudii.

Hapo zamani za kale, nyati mmoja alizaa pacha. Dume akaitwa Kitundu, jike akaitwa Nyamizi. Walinyonya pamoja, wakalala ubavu kwa ubavu, wala hakuna aliyemzidi mwenzake kwa furaha. Utotoni ndivyo tulivyo sote.

Wakakua.

Siku moja wakakutana bwawani. Kitundu alikuwa kijana, shingo nene, pembe zinang'aa. Asubuhi ameshinda pambano, jioni anatafuta jingine. Nyamizi alikuwa na ndama mmoja ubavuni na mwingine tumboni. Hajalala siku tatu. Kila akiinama kunywa, ndama anapotelea majanini.

Kitundu akacheka. "Dada, mbona umechakaa hivyo? Mimi naamka nikitaka, nalala nikitaka. Raha ya nyati ni kuwa dume!"

Nyamizi akasema, "Furaha ninayo, kaka. Nafasi ya kukaa nayo ndiyo sina."

Akamkimbilia ndama, kiu hata haijakatika.

Miaka ikapita. Wakakutana tena. Kitundu sasa alikuwa dume mkuu wa kundi, lakini shingo ilijaa vidonda na macho hayatulii. Kila kijana aliyepita, Kitundu alimtazama kama mwizi. Nyamizi, simba walikuwa wamemchukulia ndama wake juzi yake. Alikuwa analia, na majike wenzake wamemzunguka. Huyu anamlamba, yule anamsimulia juu ya ndama wake aliyekufa.

Katika kilio chake akamwona ndugu yake. "Na wewe, kaka, hali?"

"Mimi? Sijambo kabisa."

"Na hiyo shingo?"

"Nimejikuna kwenye mti."

"Njoo ukae nasi. Hapa kilio tunagawana."

"Dume halilii mbele ya majike," akasema Kitundu, akaenda zake. Alipofika nyuma ya kichuguu akaegemeza kichwa udongoni, akalia. Peke yake. Mimi nimeolewa mara mbili, kichuguu hicho nakijua.

Miaka ikapita tena. Nyati kijana akamwangusha Kitundu mbele ya kundi zima. Hakuna aliyemfukuza. Aliondoka mwenyewe kwa aibu. Nyamizi akamwita, akamwita, hakugeuka.

Fisi akamwona dume mzee anatembea peke yake. Akamfuata.

Siku ya kwanza akasema, "Bwana mkubwa, umefanya la maana. Mzee wa heshima hakai na vibibi vinavyopiga soga."

Siku ya pili akasema, "Bwana mkubwa, usiwarudie. Wanakucheka."

Siku ya tatu akasema, "Bwana mkubwa, kanywe maji bwawa la kule bondeni. Hakuna atakayekuona."

Kitundu akaenda. Lilikuwa tope tupu. Akazama mpaka tumboni.

Fisi akaketi ukingoni, akalamba midomo. "Usipige kelele, bwana mkubwa. Wakikukuta hivi, utaiweka wapi sura yako?"

Kitundu akanyamaza. Jua likapanda, tope likafika kifuani. Akanyamaza. Jua likawa la utosi, tope likafika shingoni.

Hapo akasikia kicheko kwa mbali. Alikuwa Nyamizi. Meno yake yamelika, mguu mmoja anauburuta, lakini wanawe wamekua, na wajukuu wanamruka ruka. Alikuwa anacheka na majike wale wale aliolia nao.

Kitundu akaona mambo mawili tu yamebaki: aibu au kifo. Akafumba macho.

"Nyamizi! Dada! Nimeshindwa!"

Tangu aote pembe, neno hilo hakuwahi kulitamka.

Kundi zima likashuka bondeni kwa kishindo. Fisi alipoinuka kukimbia, Nyamizi akampiga teke la kiuno, na kiuno hicho hakijanyooka mpaka leo. Wakamsukuma Kitundu kwa vichwa, wakamsukuma kwa mabega. Yule kijana aliyemwangusha alisukuma kuliko wote. Wakamtoa.

Kitundu akalala majanini, anahema. "Dada, sasa mwenye raha ni wewe. Mimi nilimaliza yangu ujanani."

"Yangu haikuja yenyewe, kaka," akasema Nyamizi. "Hawa nililia nao. Ndiyo maana nacheka nao."

Msidhani Kitundu alifurahi siku hiyo hiyo. Mwezi mzima alikaa pembeni ya kundi, anakula nyasi peke yake. Kisha mchana mmoja akaanza kueleza jinsi alivyokuwa akiogopa alipokuwa mkuu. Ajuza mmoja akapiga mwayo, wengine wakamsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akajisogeza karibu zaidi.

Basi, wanangu, furaha ya mume na furaha ya mke hazifiki siku moja. Wewe ambaye yako imewahi, usimcheke mwenzako anayelea. Na ninyi wanaume, semeni yanayowauma mkiwa bado mna nguvu, maana anayeficha kidonda humnenepesha fisi.

Ngano yangu imefika zizini. Iliyonoga bebeni, yenye mawe niachieni nipepete.